Mvua ya Rumonge

Zuena hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua watu: wakisikia nusu ya habari, hukumu wameshaitoa. Pale Gitega alikuwa fundi cherehani ambaye akikwambia njoo Alhamisi, basi Alhamisi nguo yako unaikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Mafundi wa namna hiyo wamebaki wangapi, jamani? Wengine ukienda siku ya siku unakuta kitambaa chako kingali kwenye mfuko uliouleta mwenyewe, na fundi anakuapia kwa Mungu kwamba umeme ulikatika. Zuena kuapa hakujua, maana hakuwahi kuwa na haja nako.

Alizaliwa Muyinga. Baba yake alikuwa mchuuzi wa mahindi, akivuka mpaka kwenda Tanzania na kurudi, hata mara moja akavuka asirudi. Homa ilimkuta Kahama, akafa asubuhi, na jioni ileile wenyeji wakamzika. Ndiyo dini yetu: maiti hawekwi, hasafirishwi. Pale mtu anapokata roho ndipo udongo wake ulipomwita. Habari zilipofika Muyinga, wenzake kule walikuwa wameshamaliza kumsomea hitima. Zuena alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na dada yake, lakini alikua akimwona mama yake kila Idi anasimama uani, anageukia upande wa mpaka na kusoma Fatiha peke yake, kisha anaingia ndani na kufunga mlango. Kaburi lile hakuna aliyelijua. Jambo hilo lilimkaa Zuena rohoni kuliko njaa na kuliko vita, na vyote viwili alivionja.

Mumewe, Shafii, alikuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Rumonge, mtoto wa mawese na samaki, akapanda Gitega kijana na magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani. Sokoni akamwona binti wa Muyinga aliyekuja kwa shangazi yake kujifunza kushona, na magunia yale yakawa ndiyo kisingizio chake cha kupanda kila wiki. Walipooana watu walimtania sana. Eti Shafii ananuka ndagala mpaka kwenye kofia, na mke wake maskini atazoea tu. Shafii alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka, na mtaa mzima ulimpenda kwa hilo. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Layla, naye alipokua akaolewa Muyinga, mji uleule mama yake alikotoka.

Lakini mcheshi naye ana lake. Mama yake Shafii alifariki Rumonge wakati wa vita, barabara zimefungwa, na Shafii yuko juu huku Gitega hawezi kutoka. Kwetu, mama akifa, mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini. Anampokea kwa mikono yake, anamlaza ubavu wa kulia, anamfungulia kamba za sanda. Shafii ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume peke yake, na aliyeshuka akawa Houssein, binamu yake. Vita vilipopoa alikwenda kulizuru kaburi, akarudi Gitega kimya, akaenda sokoni kuuza ndagala kama kawaida. Kwa Zuena alisema mara moja tu, wakiwa wamelala: "Mama yangu alishikwa na mikono ya mtu mwingine." Zuena alimshika mkono, na habari ile haikuzungumzwa tena.

Basi mwaka huu, mwezi wa nne, ugonjwa wa Shafii ukajulikana jina. Daktari alimwita Zuena pembeni, akavua miwani. Akasema mpelekeni nyumbani, mama, mpeni kila anachopenda. Mtu mzima akiambiwa hivyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Layla alipopigiwa simu alilia, kisha akafanya kama wafanyavyo watoto wa siku hizi, akaleta mpango. "Mama, vakansi kubwa iko karibu. Twende wote Rumonge. Watoto wangu iko naona vilima tu toka wazaliwe, ziwa wanaliona kwenye simu za watu. Na baba aone kwao."

Kweli siku hizi Rumonge imekuwa mahali pa kwenda. Watu wa Bujumbura wanateremka huko mwisho wa wiki, wanakula samaki wa mukeke wa kuchoma, wanapigana picha na maji nyuma yao. Ukifungua simu kila mtu yuko ziwani isipokuwa wewe. Zuena alipomwambia Shafii, mzee aliinuka kitandani akakaa. Uso wake ulibadilika, ukawa wa yule kijana wa magunia.

"Twende hata kesho," alisema.

Kesho haikuwezekana. Mvua ya mwezi wa nne, wee, usiichezee! Kule pwani ya ziwa ilikuwa inanyesha usiku na mchana, udongo umeporomokea barabara, maji yamepanda mpaka kwenye nyua za watu. Houssein mwenyewe alipiga simu akasema subirini. Wakakubaliana wangoje vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, kiangazi kikishaingia, maana Shafii alikuwa bado na nguvu zake kidogo na ilionekana atafika.

Ile miezi ya kungojea ilikuwa mizuri, lazima tuseme ukweli. Zuena alinunua kitenge cha bluu akashonea familia nzima sare. Kila jioni Layla alipiga simu kutoka Muyinga, wakabishana nani alale chumba gani kwa Houssein na nani abebe sufuria. Dada yake Zuena, Aisha, naye alijitia kwenye safari, ingawa maji anayaogopa tangu utoto.

"Mi nitakaa mbali na ndoo yangu," alisema kwenye simu. "Nitaoga kwa kopo, nyinyi mliwe na mamba!"

"Mamba atakutema, Shemeji," Shafii alijibu kutoka kitandani. "We uko mchungu kama mwarobaini."

Wakacheka wote. Ungemsikia Shafii anavyowafundisha wajukuu kwa simu namna ya kula ndagala wabichi, ungedhani hana ugonjwa.

Mwezi wa sita mvua ikakatika. Asubuhi moja Shafii alikwenda msikitini kwa fimbo yake, polepole, lakini kwa miguu yake mwenyewe. Zuena akasema apange vizuri begi la safari alilofunga mumewe, maana wanaume wanatupiatupia tu. Akatoa sare za wajukuu, akatoa taulo, akatoa kofia mpya. Chini kabisa akakuta kitambaa cheupe.

Fundi cherehani haulizi kitambaa ni cha nini. Ile ilikuwa bafta, haina pindo, imechanwa kwa mkono wala haikukatwa kwa mkasi, mapande matatu. Ndani yake pamba, na kafuri iliyofungwa kwenye karatasi. Mwanamume huvikwa mapande matatu.

Zuena alikaa chini sakafuni palepale. Kumbe! Wao wanapanga vakansi, mwenzao anapanga maziko. Shafii hakuwa na nia ya kurudi Gitega. Alikuwa anakwenda ziwani kufa, ili udongo umwite hukohuko, alale ubavuni kwa mama yake aliyemkosa. Na yeye Zuena angerudi kwenye hii nyumba na sare ya bluu, awe kama mama yake, mwanamke wa kusimama uani siku ya Idi akigeukia upande ambako mume wake amelala. Siku hizi Rumonge hata petroli ya kukufikisha inatafutwa kama dawa. Angemzuru lini? Kwa nini? Miaka yote aliyomfulia, aliyompikia, aliyomngojea, halafu mwisho wake amwachie ziwa?

Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akafunga begi. Akaenda uani, akalia huku amejifunika kanga usoni majirani wasimwone. Alikuwa anampenda yule mtu. Na mapenzi, ndugu zangu, si kila siku yanakuwa na adabu.

Jioni Layla akapiga. "Mama, gari tumepata. Ijumaa tunapita Karuzi, tunawachukua Gitega, tunashuka."

Zuena akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Hapana, mwanangu. Houssein amepiga. Huko mvua bado iko nanyesha."

"Mvua? Mwezi wa sita?"

"Dunia imebadilika. Ziwa limeingia mpaka kwenye chumba tulichotengewa. Baba yako tutamlaza kwenye maji?"

Layla akaamini. Kwa nini asiamini, mama aliyemlea hajawahi kumdanganya hata kuhusu sindano ya hospitali. Shafii alikuwa kwenye mkeka pembeni, amesikia kila neno. Alimtazama mke wake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Bon," akasema. "Basi tungojee."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini aliyeianza anachoka kabla ya kufika. Kila wiki Zuena alilazimika kunyesha mvua nyingine. Mara barabara imekatika, mara kuna upepo na mawimbi, mara watu wamehamishwa. Houssein alipopiga, Zuena alitoka nje na simu mpaka barabarani, akamwambia mgonjwa amelala, na safari bado kidogo. Houssein alisema jua huku ni kali, Shemeji, mleteni, chumba kiko tayari. Zuena alimshukuru, akarudi ndani kusema kunanyesha. Cherehani yake ikaanza kuharibu nguo za watu. Mteja mmoja alirudisha gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mtaa ukashangaa.

Huku Shafii anapungua. Msikitini hakwenda tena. Akawa wa kusaidiwa kufika mlangoni, kisha wa kubebwa na majirani hadi juani asubuhi, kama nguo ya kuanikwa. Lakini kila jioni aliuliza lile lile: "Houssein amesema nini?" Na kila jioni alijibiwa.

Mwezi wa saba Layla akakasirika. Alisema watoto wanalia, vakansi inakwisha, na kama mvua hii haina mwisho atakwenda mwenyewe kuitazama. Zuena akaogopa. Akamwomba jirani amwangalie mgonjwa kwa siku moja na kulala, akapanda gari kwenda Muyinga kumtuliza.

Alianzia kwa Aisha. Dada mkubwa ni dada mkubwa, hata akiwa anaogopa maji. Alimkuta anapepeta mchele barazani, na kabla hajavua viatu alishamwambia yote, ya sanda, ya mvua, ya Houssein. Aisha aliweka ungo chini kwa mshangao.

"Yampayinka, Zuena. We? We ndiye wa kusema mambo hayo?"

"Dada, akifia kule watamzika kule."

"Watamzika. Wamtupe?"

"Na mi nibaki na nini? Unamkumbuka mama? Baba alitupotea, hata jiwe lake hatulijui. Mi siwezi mara mbili, Dada. Nataka awe karibu. Nataka nikitoka kwangu niende nikamsalimie."

Aisha alijifuta uso kwa kanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa maana yule aliyefia Kahama alikuwa baba yake pia. Lakini alipofungua kinywa hakumwonea haya.

"Baba hakuna mtu alimfunga kamba. Alikwenda alikotaka kwenda, na udongo ukamwita. Mume wako umemfunga kamba we. Nikuulize, Zuena, unataka kaburi ama unataka mtu? Maana mtu bado unaye, na umemwacha na jirani ili uje kulinda kaburi."

Hilo lilimwingia. Zuena hakwenda kwa Layla wala hakunywa chai. Alirudi kituoni, akapanda gari la kwanza. Njia nzima alijipangia maneno ya kumwambia Shafii, na kila alipoyapanga yalivurugika. Alishika moja tu: twende kesho.

Alifika jua linaelekea kuzama. Shafii alikuwa ukutani uani, amefunikwa shuka. Hakuuliza habari za Muyinga.

"Houssein amesema nini?"

Zuena alipiga magoti mbele yake. Na hapo, niseme nini? Alikuwa amekuja kusema kweli, lakini ulimi uliokwishazoea ulitangulia. "Mvua bado," akasema, na machozi yakamtoka papo hapo.

Shafii alicheka. Kicheko kidogo, kikageuka kikohozi, akangoja kitulie.

"Mama Layla," alisema. "Mi nimezaliwa kule. Mwezi wa saba Rumonge hakunyeshi hata uiombe mvua kwa ng'ombe."

"Umejua toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Begi mi ndiye nililifunga. Nilikuta taulo iko upande mwingine."

"Na ukanyamaza? Mwezi mzima, Baba Layla?"

"Ulitaka nibaki. Nikasema, huyu hajawahi kudanganya mtu, leo anadanganya kwa ajili yangu, na anajua mi nimetoka wapi, na bado anadanganya. Nikaona vibaya kukuumbua." Akapumzika. "Nilikuwa nangoja uchoke."

Zuena alimshika miguu. Alisema nisamehe, nisamehe, akaeleza ya baba yake na ya mama yake kusimama uani, kama vile mumewe hakuwa akiyajua. Shafii alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilijua unanitaka," alisema. "Lakini na mama yangu alinitaka. Alinitaka nimshike, na sikuja."

"Twende kesho! Nampigia Layla sasa hivi, gari watapata."

Alikuwa ameshashika simu. Shafii akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe, na mkono ule haukuwa na uzito wowote.

"Mwezi wa sita ningefika," alisema. "Sasa hata mlangoni sifiki. Acha, mama. Iko sawa."

Haikuwa sawa, na wote wawili walijua. Lakini Shafii alimfuta machozi kwa pembe ya shuka, akamwomba maji.

Alifariki siku chache baadaye, alfajiri, kitandani kwake. Sanda ilikuwa tayari, hapakuwa na wa kukimbia dukani. Layla na Aisha waliwahi kutoka Muyinga. Adhuhuri akaswaliwa, wanaume wakambeba kwa zamu wakitaja jina la Mungu, wakamzika kwenye makaburi ya Gitega, si mbali, mwendo wa kwenda na kurudi kabla chungu hakijachemka. Mtoto wa kiume hakuwapo wa kushuka. Alishuka mkwewe, mume wa Layla. Wanawake hawaendi kuzika, na Zuena alibaki ndani, akaoga, akavaa nyeupe, akaingia eda. Mjane wa eda hatoki. Yale makaburi aliyoyapigania akawa anayasikia tu kwa sauti za wanaopita kwenda huko.

"Alhamdulillahi, umemzika karibu," wanawake walimwambia. "Wengine hatuna bahati hiyo."

Zuena aliitikia kwa kichwa.

Vakansi zilikuwa hazijaisha. Mwezi wa nane Layla alisema hatakwenda popote, lakini Zuena mwenyewe alimshurutisha. Watoto wavae zile nguo, alisema, na mtafuteni Houssein awapeleke kaburini kwa bibi yenu mumsomee Fatiha. Ahadi ya marehemu ni deni. Sababu nyingine hakuisema. Layla mpaka siku hiyo alikuwa anaamini kwamba ni mvua iliyowazuia. Aisha alikuwa amemtunzia mdogo wake siri, na Shafii aliondoka nayo.

Wakaenda. Jioni ya pili simu ikalia, Zuena akiwa ameketi chumbani kwenye mkeka wake. Nyuma ya sauti ya Layla watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha, halafu zikafifia, kama mtu anayetembea kuziacha.

"Mama, niko kwa bibi. Houssein ametuleta. Tumesoma, tumemaliza."

"Mungu awabariki. Pako safi?"

"Pako safi, pamefyekwa." Layla alishusha sauti. "Mama, hapa pembeni yake wameacha nafasi. Pande zote watu wamejaa, hapa tu patupu. Nimemuuliza Houssein, anasema waliiacha toka ile vita, walimwekea baba. Anasema kila anayekuja kuzika anakatazwa hapa, hapa pana mtu wake."

Zuena aliishusha simu mapajani. Layla akadhani simu imekatika, akaita mara mbili.

"Niko, mwanangu. Uko karibu naye sasa? Uko karibu na kaburi?"

"Niko karibu, Mama. Nimechuchumaa hapa."

"Mwambie mwanawe hakumsahau. Mwambie alifunga begi mapema, na jua lilikuwa linawaka." Akajipangusa uso kwa nguo yake nyeupe, akaendelea. "Mwambie mi ndiye niliyemzuia."